Muunganisho umekufa, programu haina habari: mwongozo kamili wa kutafuta kasoro kwa wateja wa foleni za ujumbe

Dalili zake hazibadiliki sana. Programu iko hai, kipimo cha afya kinaonyesha kijani, logi haina kosa hata moja, lakini ujumbe unarundikana kwenye foleni na hakuna anayeuchukua. Mtu anaiwasha programu upya, foleni inakauka, na tukio linafungwa kwa neno moja: "mtandao". Baada ya muda yanarudi yaleyale.

Mtandao kukatika ni jambo la kawaida, na hakuna programu itakayouzuia. Kasoro ya kutafutwa ni nyingine: mteja (programu inayotuma au kupokea ujumbe) hakugundua kwamba muunganisho umekatika, au aligundua kwa kuchelewa mno, au alidhani umekatika kumbe upo, au aligundua vizuri kabisa kisha asifanye lolote. Hizi ni kasoro nne tofauti na kila moja ina tiba yake. Watu wengi hupoteza muda kwa sababu wanatibu ya kwanza wakati wanaumwa ya nne.

Mifano mingi hapa ni ya RabbitMQ, ambayo ni broka, yaani seva inayotunza foleni na kugawa ujumbe, maana zana zake huonyesha mambo waziwazi. Mifumo na itifaki nyingine za ujumbe, yaani MQTT, Kafka, ActiveMQ na STOMP, nitazigusa pale zinapotofautiana. Amri zote ni za Linux.

## Kwanza elewa kimya cha TCP

Muunganisho wa TCP, itifaki inayobeba data kati ya mashine mbili, usipopitisha data haupitishi kitu chochote. Hakuna pakiti inayokwenda na kurudi kuulizia hali. Ndiyo maana unaweza kuchomoa waya, ukaenda zako, ukarudi na kuuchomeka, na muunganisho ukaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Tabia hii ilikusudiwa, na ina faida zake. Ubaya wake ni kwamba kwa anayengoja ujumbe, "hakuna ujumbe mpya" na "upande wa pili haupo tena" vinafanana kabisa.

Upande wa pili ukifunga kistaarabu, pakiti ya FIN (ya kuaga) hufika na soketi, ncha ya muunganisho ndani ya programu, hujua. Mchakato ukiuawa ghafla, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mashine yake bado ipo na huaga kwa niaba yake kwa FIN au RST (pakiti ya kukata papo hapo). Balaa ni pale ambapo hakuna wa kuaga: mashine imezimika umeme, waya umekatika, ukuta wa moto umesahau muunganisho na kuanza kumeza pakiti, au mashine pepe imehamishwa. Hapo upande mmoja unabaki umeshika simu iliyokwisha kukatwa.

Linux ina njia mbili za kugundua hali hiyo yenyewe, na zote mbili ni za polepole:

Ya kwanza ni vipima uhai vya TCP, vinavyowashwa kwa `SO_KEEPALIVE`. Kwa mipangilio ya awali, kerneli hungoja sekunde 7200 za kimya ndipo itume kipimo cha kwanza, kisha hutuma vipimo 9 kwa nafasi ya sekunde 75. Jumla ni sekunde 7875, yaani saa 2 na dakika 11 na ushee. Na hiyo ni kama programu imeviwasha. Isipoviwasha, jibu ni kamwe.

Ya pili humhusu anayetuma. Ukiandika data kwenye soketi iliyokufa, kerneli huirudia na kuirudia, kila mara ikiongeza muda wa kungoja, hadi kikomo cha `tcp_retries2` ambacho kwa kawaida ni 15. Hesabu yake hufika takriban sekunde 924, kama dakika 15 hivi. Ndipo unapoliona kosa la `ETIMEDOUT`.

Tofauti hiyo inaeleza jambo linalowachanganya wengi: kwa nini mtumaji hupata kosa baada ya robo saa, wakati mpokeaji aliye kwenye mashine hiyohiyo anakaa siku nzima bila kosa. Mtumaji ana data inayongoja kuthibitishwa. Mpokeaji hana kitu. Amekaa kwenye `recv()` na hakuna saa inayohesabu.

Kwa hiyo itifaki za foleni zikajiwekea utaratibu wao juu ya TCP: mapigo ya moyo. Kila upande hutuma kijipakiti kwa vipindi, na usiposikia chochote kwa muda uliokubaliwa, unaamua kuwa mwenzako hayupo. Neno "unaamua" ni muhimu hapa. Hakuna anayejua kwa hakika. Ni uamuzi unaofanywa na saa, na kwa kila muunganisho unaotafuta kasoro yake unapaswa kuuliza: saa hiyo ni ya nani, imewekwa muda gani, na ikilia nani anasikia?

## Hatua ya 1: Tazama pande zote mbili kabla ya kuwasha upya

Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko yote. Ukiwasha upya kwanza, ushahidi wote umepotea. Dakika tatu za kutazama wakati tatizo lipo zina thamani kuliko siku mbili za kusoma logi baadaye.

Kwenye mashine ya mteja:

```
ss -tnpoi '( dport = :5672 )'
```

Kwa broka:

```
rabbitmqctl list_connections name peer_host peer_port state timeout
rabbitmqctl list_consumers
```

Linganisha anwani na namba ya poti ya upande wa mteja. Poti hiyo ndiyo kitambulisho cha muunganisho. Usitosheke na kuona "kuna muunganisho kutoka mashine ile", kwa sababu huenda ni mwingine.

Mteja anaonyesha ESTAB (muunganisho uko wazi), broka hana muunganisho wenye poti hiyo. Huu ni muunganisho nusu-mfu. Broka ameshaufunga, mteja hajui. Hatua ya 2 na ya 3 zinakuhusu.

Broka anao, mteja hana. Kinyume chake. Broka bado anaamini mpokeaji yupo, na ujumbe aliokwisha kumpa ambao haujathibitishwa umefungiwa mikononi mwa maiti. Utauona kwenye safu ya ujumbe usiothibitishwa, na hautarudi foleni hadi saa ya broka ilie. Kama mpokeaji alikuwa amejisajili kuwa wa pekee kwenye foleni, mpokeaji mpya atakataliwa mpaka hapo.

Mteja anaonyesha CLOSE-WAIT. Usipoteze hata dakika moja kwenye mtandao. FIN ilifika, kerneli ikaipokea, programu yako ndiyo haijaifunga soketi. Kasoro iko kwenye msimbo au maktaba: uzi (thread) wa kusoma umekufa au umekwama. Nenda hatua ya 4.

Pande zote mbili wanao, lakini `list_consumers` haimtaji mteja. Muunganisho uko sawa. Kilichokufa ni chaneli (njia ndogo ndani ya muunganisho) au usajili. Nenda hatua ya 6.

Pande zote mbili wanao, na `state` inasema `blocked` au `blocking`. Hakuna kilichokatika. Broka amefikia kikomo cha kumbukumbu au diski na amewazuia watumaji kwa makusudi. Wengi hufungua tiketi ya mtandao kwa hali hii bure.

Kwenye matokeo ya `ss`, soma vitu viwili zaidi. Kwanza `timer`. Ukiona `timer:(keepalive,96min,0)`, vipima uhai vimewashwa na kimebaki kama saa moja na nusu kabla ya kipimo kijacho. Ukiona `timer:(on,1min40sec,11)`, kerneli inarudia kutuma data isiyojibiwa, na tayari imerudia mara 11. Usipoona `timer` kabisa kwenye soketi iliyotulia, hakuna kipima uhai.

Pili `lastrcv`. Ni milisekunde zilizopita tangu data ya mwisho kupokelewa. Kama mapigo yamekubaliwa kuwa sekunde 60 na `lastrcv` inasoma 840000, mteja alipaswa kufunga muunganisho zaidi ya dakika kumi zilizopita. Namba hiyo moja inatosha kuthibitisha kwamba ugunduzi haufanyi kazi, na ni ushahidi asioweza kuubisha mtu yeyote kwenye kikao.

## Hatua ya 2: Thibitisha kwamba mapigo yapo kweli

Faili la mipangilio husema ulichoomba. Kilichokubaliwa ni jambo jingine, kwa sababu pande mbili hupatana wakati wa kuunganishwa.

Kwa RabbitMQ, safu ya `timeout` uliyoiona hapo juu ndiyo thamani iliyokubaliwa, kwa sekunde. Thamani ya awali ya broka ni 60. Kila upande hutuma pigo takriban kila nusu ya muda huo, na mapigo mawili yakikosekana mwenzake huhesabiwa hayupo. Ikiwa safu inasoma 0, umepata jibu.

Sifuri yenyewe ina mtego. Katika maktaba za RabbitMQ za Java, .NET na Erlang, upande mmoja ukitaja 0 na mwingine ukitaja 60, inachukuliwa ile kubwa, yaani 60; mapigo huzimika pale tu wote wawili wanapotaja 0. Katika STOMP ni kinyume: kichwa cha `heart-beat` kisipotumwa huhesabiwa kuwa `0,0`, na upande wowote ukisema sifuri kwa mwelekeo fulani, hakuna mapigo mwelekeo huo. Aliyezoea RabbitMQ akihamia STOMP bila kuandika kichwa hicho hana ulinzi wowote, na hakuna onyo atakalopewa.

Njia ya uhakika ni kuyaona kwa macho:

```
tcpdump -ni any -X 'tcp port 5672 and host 10.0.9.20'
```

Pigo la AMQP 0-9-1, itifaki ya RabbitMQ, ni baiti 8: `08 00 00 00 00 00 00 ce`. La MQTT ni baiti mbili: `c0 00` ikitoka kwa mteja, na jibu lake `d0 00`. La STOMP ni alama moja tu ya mstari mpya, `0a`. Kama muunganisho umesimbwa kwa TLS hutaona baiti hizi, lakini utaona mdundo: pakiti ndogo za ukubwa uleule kwa nafasi ileile. Angalia pande zote mbili. Mapigo yanayotoka kwa mteja peke yake hayamsaidii mteja, yanamsaidia broka.

MQTT inastahili maelezo ya ziada hapa, kwa kuwa hesabu yake haina usawa. Mteja hutaja muda wa uhai, na broka ana wajibu wa kumkata asiposikia chochote kwa mara moja na nusu ya muda huo. Kwa mteja, itifaki inasema tu kwamba akituma `PINGREQ` (pigo lake) asipate jibu kwa muda wa kutosha, inampasa afunge. Muda wa kutosha ni upi? Maktaba ndiyo inayoamua. Tena, saa ya mteja huhesabu pakiti *alizotuma*. Kifaa kinachotuma vipimo vyake kila sekunde kwa QoS 0 (bila kudai uthibitisho) hakihitaji kutuma `PINGREQ` kutimiza masharti, kwa hiyo hakingoji jibu lolote, na kitaendelea kuandika kwenye bafa ya kerneli hadi ijae. Maktaba nzuri huangalia pia ni lini zilipokea kitu mara ya mwisho. Usidhani; jaribu kwa njia za hatua ya 7.

Kafka ina mpangilio tofauti kabisa. Mpokeaji huvuta data mwenyewe, kwa hiyo kila ombi lina ukomo wake (`request.timeout.ms`, kwa kawaida 30000), na ombi lisilojibiwa ndilo kengele. Mapigo yake huenda kwa mratibu wa kundi kila milisekunde 3000, na `session.timeout.ms` ni 45000 tangu toleo la 3.0, kabla ya hapo ilikuwa 10000. Ukiwa na wateja wa matoleo mchanganyiko, tofauti hiyo hueleza kwa nini baadhi yao huonekana kufa mapema kuliko wenzao.

## Hatua ya 3: Tafuta nani yuko katikati

Ikiwa mapigo yamezimwa au ni ya nadra, na muunganisho hufa wakati wa utulivu, mshukiwa wa kwanza ni kifaa cha katikati chenye jedwali la miunganisho: NAT (kibadilisha anwani), ukuta wa moto, kigawa mzigo. Vifaa hivi husahau muunganisho ulionyamaza. Baadhi hutuma RST, wengine humeza pakiti kimyakimya, na hao wa pili ndio wabaya.

Namba chache za mipangilio ya awali zinafaa kukaa kichwani. NAT Gateway ya AWS husahau baada ya sekunde 350, na Network Load Balancer hutumia sekunde 350 hizohizo kwa TCP. Azure Load Balancer ni dakika 4. Google Cloud hufuatilia muunganisho mkimya kwa dakika 10. HAProxy hutegemea `timeout client` na `timeout server` ulizoandika mwenyewe.

Jinsi ya kumbaini: andika saa ya ujumbe wa mwisho kufika na saa muunganisho ulipoanza kuwa mfu. Tofauti ikiwa ileile kila mara, na ikakaribiana na moja ya namba hizo, hujakutana na mtandao mbovu. Umekutana na kipima muda. Mtandao mbovu hauna nidhamu kiasi hicho.

Tiba ni kuweka mapigo yapite mara kadhaa ndani ya muda mfupi kuliko wote ulioko njiani. Ila kuwa mwangalifu na wazo la kutegemea vipima uhai vya TCP peke yake. Kigawa mzigo kinachopokea muunganisho wako na kufungua mwingine wake kuelekea kwa broka hujibu vipimo hivyo chenyewe. Vitaonyesha uzima hata kama broka nyuma yake ameungua. Mapigo ya itifaki husafiri hadi kwa broka mwenyewe, ndiyo maana ninayapendelea kila mahali yanapopatikana.

## Hatua ya 4: Nani anaendesha mapigo ndani ya programu?

Hapa ndipo kasoro nyingi zaidi hupatikana, na ndipo watu huangalia mwisho.

Mapigo si uchawi. Ni msimbo unaoendeshwa na uzi fulani. Uzi huo ukiwa na shughuli nyingine, mapigo hayatumwi, na mapigo yanayoingia hayasomwi. Mfano maarufu ni `BlockingConnection` ya Pika kwa Python: uzi uleule unaoita fanksheni yako ya kushughulikia ujumbe ndio unaotuma mapigo. Fanksheni yako ikichukua dakika tatu kuchakata picha, kwa dakika tatu mteja ni maiti machoni pa broka. Logi ya RabbitMQ itaandika `missed heartbeats from client, timeout: 60s`. Mteja mwenyewe atagundua atakapomaliza na kujaribu kuthibitisha ujumbe. Atapata kosa, ujumbe utarudishwa foleni, atauchukua tena, na mzunguko utaanza upya. Picha moja inaweza kuchakatwa usiku kucha.

Suluhisho la haraka ambalo kila mtu hulifikiria ni kuongeza muda wa mapigo hadi saa nzima, au kuuzima. Linafanya kazi, na linakurudisha kwenye kasoro ya kwanza: sasa muunganisho ukikatika kweli hakuna atakayejua. Peleka kazi ndefu kwenye uzi mwingine na uache uzi wa muunganisho ufanye kazi yake. Kwa Pika, uzi wa kazi ukimaliza usiite `basic_ack` moja kwa moja, kwa sababu chaneli si salama kutumiwa na nyuzi mbili. Tumia `add_callback_threadsafe` ili uthibitisho utumwe na uzi unaohusika. Kwa Paho ya MQTT, hakikisha kuna anayeendesha kitanzi cha mtandao, iwe `loop_start()` au `loop_forever()`. Bila hicho hakuna pigo litakalotoka.

Usichanganye hali hii na ukomo wa uthibitisho wa RabbitMQ. Ujumbe usiothibitishwa kwa dakika 30, kwa mipangilio ya awali, husababisha broka afunge *chaneli* kwa kosa la `PRECONDITION_FAILED`. Muunganisho na mapigo yake hubaki hai. Kuongeza muda wa mapigo hakusaidii chochote hapo.

Kujua uzi uko wapi sasa hivi, usikisie. `jstack` kwa Java, `py-spy dump --pid` kwa Python. Ukikuta uzi wa kusoma umengoja kufuli iliyoshikwa na uzi unaongoja jibu kutoka kwa uzi wa kusoma, umeshapata.

Kuna na upande wa pili wa jambo hili. Maktaba ya Java ya RabbitMQ huendesha mapigo kwenye uzi wa pembeni. Nzuri, ila sasa uzi wa kazi unaweza kukwama milele na mapigo yakaendelea kudunda kwa furaha. Broka ataona mteja mzima asiyefanya kazi. Kafka ililiona tatizo hili na kuweka `max.poll.interval.ms` (300000): mpokeaji asiyeomba ujumbe kwa dakika 5 huondoka kwenye kundi hata kama mapigo yake yapo. Kwa mifumo mingine itabidi ujitengenezee: rekodi saa ya ujumbe wa mwisho kumalizika, na kipimo cha afya kishindwe ikiwa foleni ina ujumbe na saa hiyo haisogei. Kipimo kinachouliza tu "je, `isOpen()` ni kweli?" hakina maana, kwa kuwa kinarudisha kile ambacho maktaba inaamini, na imani hiyo ndiyo inayochunguzwa.

Kengele za uongo, yaani kudhani mtu amekufa kumbe yupo, huwa na vyanzo vya namna hiyohiyo: Java inaposimama kusafisha kumbukumbu, kontena linapobanwa CPU, mashine pepe inapogandishwa. Kabla ya kulaumu mtandao, tazama kama wateja wengi wa mashine moja walikatika pamoja. Nyaraka za RabbitMQ hupendekeza sekunde 5 hadi 20 kwa mazingira mengi, na huonya kwamba chini ya 5 utaanza kupata kengele za uongo. Mimi huanza na 15 au 20 na sishuki bila sababu.

## Hatua ya 5: Kerneli kama wavu wa pili

Kama maktaba yako haina mapigo, au huwezi kuigusa, punguza muda wa kerneli:

```
net.ipv4.tcp_keepalive_time = 30
net.ipv4.tcp_keepalive_intvl = 10
net.ipv4.tcp_keepalive_probes = 4
```

Hapo muunganisho mkimya uliokufa hugunduliwa baada ya sekunde 70 hivi. Tahadhari tatu. Mipangilio hii haina athari kwa soketi isiyowashwa `SO_KEEPALIVE`. Kontena lina nafasi yake ya mtandao, kwa hiyo kubadilisha kwenye mashine mwenyeji hakufiki ndani. Na vipima uhai havifanyi kazi wakati kuna data iliyotumwa isiyothibitishwa. Hapo hutawala ile hesabu ya kurudia kutuma, ya robo saa. Kwa hali hiyo weka `TCP_USER_TIMEOUT` kwenye soketi, kwa milisekunde.

## Hatua ya 6: Aligundua, kisha?

Sasa ile kasoro ya nne. Tafuta kwenye logi ya mteja kwa kiwango cha kina. Ukikuta maktaba iliandika kwamba muunganisho umefungwa, ugunduzi ulifanya kazi. Lililoshindikana ni lililofuata.

Anza na hitilafu zinazomezwa. Kizuizi cha `catch` kinachoandika mstari mmoja na kuendelea na kitanzi ni chanzo cha kudumu, hasa kile kinachokamata kila aina ya hitilafu kwa pamoja.

Kisha angalia mipaka ya kuunganisha upya kwa kujiendesha. Maktaba ya Java ya RabbitMQ hufanya hivyo yenyewe tangu toleo la 4.0, kwa nafasi ya sekunde 5, lakini haihusiki na jaribio la kwanza kabisa: broka asipokuwepo programu inapoanza, utapata kosa na basi. Wala haifufui chaneli iliyofungwa kwa kosa la chaneli. Mpokeaji pia anaweza kufutwa na broka, kwa mfano foleni inapofutwa, wakati muunganisho na chaneli vyote ni vizima. Usiposajili fanksheni ya kupokea taarifa hiyo, utangoja ujumbe ambao hautakuja.

ActiveMQ ikitumia `failover:` huficha kukatika kwa makusudi. `ExceptionListener` haiitwi wakati inahangaika kuunganisha, na kwa mipangilio ya awali inahangaika bila kikomo, huku `send()` ikiwa imeganda. Programu huonekana imelala. Weka `timeout` kwenye anwani ya `failover` ili kutuma kushindwe badala ya kuganda, na sajili `TransportListener` ili `transportInterrupted` ikujulishe.

Kwa MQTT, ukiunganisha upya na kikao kipya, usajili wa mada umepotea. Usajili uandikwe ndani ya `on_connect`, si baada ya `connect()`. Na ukiona mteja anakatika na kuunganishwa kila sekunde chache bila kukoma, tafuta mwenye kitambulisho sawa naye: broka analazimika kumkata wa zamani anapoingia mwingine wa jina hilohilo, na wawili hao watafukuzana milele.

Jambo jingine ni ujumbe uliotumwa katikati ya kufa na kugundua. `send()` iliyofaulu inaweza kumaanisha tu kwamba baiti zimefika kwenye bafa ya kerneli ya kwako. Bila uthibitisho wa broka kwa watumaji, ujumbe huo umekwenda, na hata ugunduzi wa sekunde 5 hauurudishi.

Wateja wengi wakigundua kwa pamoja, wote watarudi kwa pamoja. Ongeza muda wa kungoja kila jaribio linaposhindwa, na uutawanye kwa bahati nasibu.

## Hatua ya 7: Leta tatizo kwa makusudi, kwa njia sahihi

Jaribio la kawaida ni kumuua broka kwa `kill -9` na kushangilia mteja anapounganisha upya. Jaribio hilo halipimi kitu, kwa sababu kerneli ya broka iliaga. Fanya matatu haya:

Gandisha broka bila kumuua, kwa `kill -STOP` au `docker pause`. Kerneli yake itaendelea kujibu TCP kama kawaida, kwa hiyo vipima uhai vitasema yupo. Mapigo ya itifaki pekee ndiyo yatagundua. Mteja anayenyamaza hapa anategemea TCP, hata kama mipangilio inasema vingine.

Meza pakiti pande zote:

```
iptables -A OUTPUT -p tcp --dport 5672 -j DROP
iptables -A INPUT -p tcp --sport 5672 -j DROP
```

Tumia `DROP`, usitumie `REJECT`; `REJECT` hutoa jibu, na jibu ndilo usilolitaka. Pima sekunde tangu amri hadi mstari wa logi. Kwa mapigo ya sekunde 20 tarajia kati ya 20 na 40 kutegemea maktaba. Ukipata 900, ni kerneli iliyogundua, na mapigo yako hayafanyi kazi.

Meza upande mmoja tu, ukitumia mstari wa `INPUT` peke yake. Mteja anatuma na broka anapokea, ila majibu hayarudi. Hii hufichua maktaba zinazotuma mapigo lakini hazihesabu yanayoingia.

Rudia yote matatu kwa mpokeaji aliyetulia, kwa mtumaji mwenye shughuli, na katikati ya kazi ndefu. Mara nyingi mmoja kati ya hao watatu ndiye anayefeli, na ndiye aliyekuwa akikusumbua.

Ukimaliza futa sheria kwa `-D` badala ya `-A`, na umrudishe broka kwa `kill -CONT` au `docker unpause`. Kisha rudia `list_connections`. Kama mteja alikwisha kuunganisha upya, unaweza kumkuta mara mbili: muunganisho mpya, na ule wa zamani ambao saa ya broka haijamaliza kuuhesabu. Ukiendelea kuuona wa zamani baada ya muda wa mapigo kupita mara mbili, upande wa broka nao una kasoro, na unaanza tena hatua ya 2 ukiwa umesimama upande ule.